Koo la Mtoto na Chumba cha Upasuaji: Safari ya Moyo kutoka Migori na Homa Bay

Hotuba iliyoandaliwa kwa mikutano ya wahudumu wa afya ya jamii, walimu wa shule za msingi na wazazi



Chukueni mtoto mmoja wa gredi ya tano. Awe wa Nyatike au Ndhiwa, haidhuru. Jumatatu analalamika kwamba koo linamuuma na kumeza mate ni taabu. Nyumbani anasukutua kwa maji ya chumvi, na kufikia Ijumaa yuko uwanjani akifukuza mpira. Kila mtu amesahau. Wiki tatu baadaye goti linavimba na kuwaka moto. Kabla goti halijapoa, maumivu yamehamia kifundo cha mguu, halafu kiwiko. Ana homa. Anapimwa malaria, na kwa kuwa huku ziwani vimelea havikosekani, huenda vikaonekana kweli. Anapewa dawa, maumivu yanaondoka, anarudi shuleni.

Miaka inapita. Mtoto huyo, ambaye ni msichana, sasa ana mimba ya kwanza. Hawezi kulala chali, lazima aegemee mito miwili au mitatu. Akitoka kisimani na ndoo hupumzika mara nne njiani. Miguu imevimba, anakohoa usiku. Kuna jirani atakayesema ni chira, na mwingine atasema ni presha ya mimba. Daktari anapomfanyia kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayochukuliwa kwa mawimbi ya sauti, anaona vali iliyokakamaa kama ngozi iliyokaushwa juani. Mlango ambao damu ilipaswa kuupita kwa ulaini sasa ni upenyo.

Ugonjwa huo huitwa ugonjwa wa moyo wa rumatiki, na chanzo chake ni lile koo la Jumatatu. Bakteria aina ya streptokokasi walipoingia kooni, mwili uliunda askari wa kupambana nao. Kwa baadhi ya watoto askari hao hukosea adui, wakashambulia viungo na vali za moyo. Viungo hupona bila alama, ila vali hubaki na kovu, na kila shambulio jipya huongeza kovu juu ya kovu. Mara nyingi mambo haya huanza kati ya umri wa miaka 5 na 15. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban watu milioni 55 duniani wanaishi na ugonjwa huu na kwamba unaua watu wapatao 360,000 kila mwaka. Katika nchi tajiri umepungua mno, kwa sababu nyumba ziliacha kusongamana na penisilini ikapatikana. Umebaki kwenye mabweni yenye vitanda vilivyobanana, kambi za wachimba dhahabu, vyumba vya ufuoni ambamo watu saba hulala pamoja.

Hotuba hii inahusu hospitali za moyo na makubwa zinayoweza kufanya leo. Imeanzia kooni kwa sababu wengi wa vijana wanaofikishwa katika hospitali hizo kutoka sehemu kama hizi walianzia hapo.

Mgonjwa wa Migori anayehitaji upasuaji wa moyo si lazima afike Nairobi. Barabara hupita Awendo hadi Rongo, mahali ambapo ile ya Homa Bay huungana nayo, kisha Kisii, Keroka, Sotik, Kaplong na Bomet. Karibu na mji wa Bomet, juu ya mto Nyangores, ipo Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamishonari katika miaka ya 1930 na ambayo kwa miaka mingi imejizalishia umeme kwa maporomoko ya mto huo. Leo ni miongoni mwa hospitali chache katika ukanda huu zinazofungua kifua na kutengeneza moyo mara kwa mara, na hufunza madaktari Waafrika kazi hiyo. Wengi wa wanaolazwa hapo kwa upasuaji wa vali ni vijana, tofauti na Ulaya ambako kitanda cha namna hiyo kwa kawaida hulaliwa na mzee.

Kufungua moyo kuna tatizo moja lililowashinda madaktari kwa muda mrefu. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na ukiusimamisha ili uushone, ubongo hukosa damu na kuharibika ndani ya dakika chache. Suluhisho lilipatikana Philadelphia, Marekani, tarehe 6 Mei 1953, daktari John Gibbon alipomfanyia upasuaji msichana wa miaka 18 huku damu yake ikizungushwa na mashine. Alikuwa amehangaika na mashine hiyo kwa miaka karibu 20.

Hadi leo kanuni ni ile ile. Mirija huchota damu inayorudi moyoni, ikaipeleka kwenye chombo kinachoitia oksijeni na kuondoa hewa chafu, kisha pampu huirudisha kwenye mshipa mkuu. Mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu isigande ndani ya mirija. Moyo wenyewe humwagiwa maji baridi yenye potasiamu, ukatulia kabisa. Kando ya meza huketi mtaalamu ambaye kazi yake ni mashine hiyo tu. Kwa saa mbili, tatu au nne yeye ndiye moyo na mapafu ya mgonjwa. Upasuaji ukiisha, damu yenye joto huruhusiwa kurudi, na moyo huanza kupiga tena, mara nyingi wenyewe.

Kenya haikuanza jana. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ilifanya upasuaji wa aina hiyo tangu miaka ya 1970. Hospitali ya Mater, Nairobi, ilijenga mpango wake wa moyo katika miaka ya 1990, na matembezi yake ya kuchangia watoto wenye kasoro za moyo yakajulikana nchi nzima. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi iliyoko Eldoret nayo hufanya. Ng'ambo ya mpaka wa Isebania na Sirari, Tanzania ilianzisha Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mwaka 2015, ndani ya eneo la Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Kabla ya hapo serikali ya nchi hiyo ilikuwa ikiwapeleka wagonjwa wengi wa moyo India kwa gharama kubwa. Uganda inayo Taasisi ya Moyo ya Uganda huko Mulago, Kampala, na itarudi katika hotuba hii kwa sababu nyingine.

Watu wakitaja maendeleo ya moyo hupenda kumtaja Christiaan Barnard, aliyehamisha moyo wa mtu mmoja hadi kwa mwingine Cape Town tarehe 3 Desemba 1967. Ni kweli dunia nzima ilishtuka, ingawa mgonjwa yule aliishi siku 18 tu. Lakini kwa mama wa Kehancha mwenye vali iliyoziba, kuna majina mengine mawili yanayomhusu zaidi.

La kwanza ni la Werner Forssmann. Mwaka 1929, akiwa daktari kijana wa miaka 25 katika hospitali ndogo ya Eberswalde, Ujerumani, alijichoma mshipa wa mkono, akasukuma mrija mwembamba hadi ukafika moyoni mwake mwenyewe, kisha akatembea hadi chumba cha eksirei ili apigwe picha na watu waamini. Alikaripiwa badala ya kusifiwa, na baadaye akageukia magonjwa ya njia ya mkojo. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1956. Kila mrija unaopitishwa leo kwenye paja au mkono kwenda moyoni unafuata njia aliyoijaribu mwilini mwake.

Jina la pili ni Kanji Inoue, daktari wa Kijapani. Mwaka 1982 alipitisha mrija wenye puto dogo kutoka mshipa wa paja la mgonjwa hadi kwenye vali iliyoziba, akalijaza puto hilo likaipanua vali, akalipunguza na kulitoa. Kifua hakikupasuliwa. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kwenda nyumbani baada ya siku chache akiwa na kidonda kidogo tu pajani. Kwa msichana wa simulizi ya kwanza, ikiwa vali imeziba lakini bado ni laini kiasi na haivujishi sana, puto linaweza kumfikisha salama kwenye kujifungua, na wapo wajawazito ambao wametibiwa hivyo. Akichelewa miaka mingine mitano hadi vali igeuke ngumu kama chokaa, puto halitafaa tena. Ndiyo maana neno «mapema» lina uzito wa pekee katika ugonjwa huu.

Watoto waliozaliwa na kasoro nao wamenufaika na mirija hiyo. Tundu au mfereji wa damu ambao ulipaswa kujifunga baada ya kuzaliwa huweza kuzibwa na kifaa kidogo kinachofunguka kama mwavuli. Kwa wale ambao midomo na kucha hugeuka rangi ya samawati, na ambao wakikimbia kidogo huchuchumaa ili wapate pumzi, upasuaji unahitajika. Tangu mwaka 1944, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, inajulikana kwamba wanaweza kusaidiwa. Na fundi aliyebuni na kuijaribu njia hiyo maabarani, Vivien Thomas, alikuwa Mmarekani mweusi ambaye hakuwahi kupata nafasi ya kusomea udaktari. Mwalimu akimwona mtoto anayechuchumaa uwanjani wakati wenzake wanakimbia, asimwite mvivu. Amwite mzazi.

Sasa tuseme vali imeharibika kiasi kwamba lazima iondolewe. Daktari ataijaribu kuishona kwanza, kwa sababu vali ya kuzaliwa nayo ikirekebishika ni bora kuliko yoyote ya kununua. Ikishindikana kuna aina mbili, na hapa familia inahitaji kuelezwa polepole, ikiwezekana kwa lugha ya nyumbani.

Vali ya chuma na kaboni hudumu miaka mingi sana. Tatizo ni kwamba damu hupenda kuganda juu yake, na bonge likiondoka huenda ubongoni na kuleta kiharusi. Kwa hiyo mwenye vali hiyo hunywa dawa ya warfarin kila siku maisha yake yote. Vali iliyotengenezwa kwa nyama ya ng'ombe au nguruwe haina sharti hilo la kudumu, lakini huchakaa, na kwa kijana huchakaa haraka zaidi. Baada ya miaka kumi au kumi na mitano anaweza kurudi mezani. Msichana anayetaka kuzaa yuko njia panda: warfarin inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi ya mwanzo, na kuiacha bila ushauri kunaweza kumuua mama. Hakuna jibu moja. Lililo wazi ni kwamba mazungumzo hayo yafanyike kabla ya upasuaji, na tena kabla ya mimba. Yasingoje mama apelekwe kliniki ya wajawazito akiwa na miezi mitano.

Warfarin ina historia ya kuchekesha kidogo. Ilianza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya. Ikipungua mwilini damu huganda, ikizidi mtu huvuja damu hadi ndani ya kichwa. Ndiyo sababu mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara, kipimo kinachoitwa INR, ambacho kwa vifaa vya siku hizi kinahitaji tone moja la kidoleni. Wengi walidhani dawa mpya zisizohitaji kipimo hicho zingemrahisishia mgonjwa wa rumatiki ambaye mapigo ya moyo wake yamevurugika. Utafiti ulioitwa INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022 na kuwahusisha zaidi ya wagonjwa 4,500 katika nchi 24, ulionyesha kinyume: waliotumia dawa za jamii ya warfarin walifariki wachache kuliko waliotumia dawa mpya ya rivaroxaban. Na kwa vali ya chuma, dawa hizo mpya haziruhusiwi kabisa.

Maana yake kwa Migori na Homa Bay ni hii. Mgonjwa hufanyiwa upasuaji Bomet, Nairobi au Eldoret kwa siku moja, lakini huishi na vali hiyo Mfangano, Kuria, Karachuonyo au Uriri kwa miaka 30. Daktari wa upasuaji hatamwona kila mwezi. Kituo cha karibu ndicho kitakachomwona. Akikosa nauli ya kwenda kupima, au dawa ikiisha dukani wiki mbili, kazi yote ya chumba cha upasuaji inaweza kupotea usiku mmoja. Kwa hiyo kipimo cha INR katika hospitali ya kaunti ndogo ni sehemu ya upasuaji wenyewe, na wananchi wana haki ya kuuliza kama kipo na siku gani kinafanyika.

Kuna mambo ya jikoni pia. Osuga, dek, boo na sukuma wiki zina vitamini K nyingi, ambayo hupunguza nguvu ya warfarin. Mgonjwa asikatazwe mboga, kwani huku mtu akinyimwa mboga atakula nini na kuon? Ale kiasi kinachofanana wiki hadi wiki. Shida huja anapokula sahani kubwa kila siku msimu wa mvua na kukosa kabisa wakati wa kiangazi bila kumwambia anayempima. Dawa za miti shamba na za maumivu zinazonunuliwa dukani azitaje zote. Na kabla ya kung'oa jino amwambie daktari wa meno kwamba ana vali ya kuwekwa, ili apewe dawa ya kuzuia bakteria wa kinywani wasipande wakaota juu yake.

Turudi sasa Uganda. Kwa muda mrefu swali lilikuwa hili: je, mtoto ambaye vali imeanza kuharibika lakini hasikii chochote anaweza kuzuiwa asiugue? Jibu lilitoka Gulu, kaskazini mwa Uganda, katika utafiti ulioshirikisha Taasisi ya Moyo ya Uganda na wataalamu wa hospitali za watoto za Marekani. Waliupa jina la Kiacholi, Gwoko Adunu pa Lutino, maana yake kuulinda moyo wa watoto. Msemaji wa Dholuo hahitaji mkalimani wa neno la pili: adunu ya Gulu ni adundo ya Homa Bay.

Watoto na vijana 102,200, wenye umri wa miaka 5 hadi 17, walipimwa moyo kwa eko. Kati yao, 818 waliogunduliwa kuwa na dalili za mwanzo waliingia katika utafiti. Nusu walichomwa sindano ya penisilini ya benzathini kila wiki nne, nusu hawakuchomwa, na wote wakafuatiliwa miaka miwili. Matokeo yalichapishwa Novemba 2021. Kwa watoto 400 wasiochomwa ambao walimaliza utafiti, ugonjwa uliendelea kwa 33. Kwa 399 waliochomwa, uliendelea kwa 3. Hizo ni asilimia 8.2 dhidi ya 0.8.

Inafaa kusita hapo kidogo. Penisilini hiyo ni dawa ya tangu katikati ya karne iliyopita, si ya kuagizwa kwa bei ya gari. Mashine za eko za kubebeka sasa zinaingia mkobani, na utafiti mwingine wa huko huko Gulu ulionyesha kwamba wauguzi wanaweza kufunzwa kuzitumia kuwatambua watoto wa kupeleka mbele. Hii ni hatua kubwa ya tiba ya moyo kuliko jengo lolote, ingawa haiwezi kukatiwa utepe. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kutaka nchi zichukulie ugonjwa wa moyo wa rumatiki kwa uzito, na kazi ya Gulu imeonyesha uzito huo unaweza kuanzia wapi.

Sindano yenyewe inauma, hakuna haja ya kudanganya watoto. Inaweza kuchanganywa na dawa kidogo ya ganzi, na ikisukumwa polepole huvumilika. Huendelea kwa miaka: kwa mtu mwenye jeraha la kudumu katika vali, mara nyingi hadi afikie miaka 40. Hofu ya mzio ipo, nayo ni ya kuheshimiwa. Muuguzi aulize kwanza, na mgonjwa akae kituoni kwa muda baada ya kuchomwa. Katika utafiti wa Gulu mtoto mmoja alipata mzio mdogo na akatibiwa. Wale ambao moyo umeshalemewa sana ni habari nyingine. Mwaka 2022 Shirika la Moyo la Marekani lilishauri kwamba wengi wao wapewe vidonge vya penisilini badala ya sindano, kwa kuwa mshtuko wa sindano unaweza kuuzidi nguvu moyo dhaifu. Uamuzi huo ni wa daktari anayemjua mgonjwa.

Na je, kila koo linalouma lichomwe penisilini? Hapana. Makoo mengi huumwa kwa virusi, hasa yakija na mafua na kikohozi, na hayo hupona yenyewe. Mhudumu wa afya ya jamii amtilie shaka mtoto mwenye homa, koo jekundu lenye usaha, tezi za shingo zilizovimba, na ambaye hakohoi wala hana mafua. Huyo apelekwe zahanati siku hiyo au inayofuata. Akipewa vidonge vya siku kumi, avimalize vyote kumi, hata kama koo limepoa siku ya tatu. Kumkata mtoto kimio hakuui bakteria hata mmoja, na wembe unaweza kumletea maafa mengine. Mtoto ambaye maumivu yanahama kutoka kiungo hadi kiungo, au ambaye mikono imeanza kurukaruka bila kujizuia hadi mwandiko ukaharibika, asafirishwe hospitali hata kama kipimo cha malaria kimesema ndiyo. Malaria na homa ya rumatiki zinaweza kukaa katika mwili mmoja.

Watu wazima nao wana mlango wao wa kuingilia hospitali ya moyo, nao ni presha. Kuhusu hilo kaunti hizi mbili ziliwahi kuufunza ulimwengu jambo. Utafiti ulioitwa SEARCH ulifanyika katika jamii 32 za mashambani za Kenya na Uganda, zikiwemo za Homa Bay na Migori. Watu walipimwa virusi vya Ukimwi, presha na sukari kwa pamoja, karibu na nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba baada ya miaka mitatu, asilimia 47 ya wenye presha katika jamii zilizopata huduma hiyo kamili walikuwa wameidhibiti, ikilinganishwa na asilimia 37 kwingineko. Mtu mwenye kliniki ya ARV tayari anayo foleni, kadi na muuguzi anayemfahamu. Kumpima presha hapo hapo ni busara tupu, na hasa kwa vile wanaoishi na virusi vya Ukimwi wana hatari kubwa zaidi ya kupata magonjwa ya moyo na mishipa. Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamegawiwa mikoba yenye kifaa cha kupima presha. Anayepimwa nyumbani na kukutwa juu asiambiwe tu «punguza chumvi» kisha mhudumu akaondoka. Apewe tarehe ya kwenda kituoni.

Swali hurudi katika kila mkutano: kwa nini kila kaunti isijenge chumba chake cha upasuaji wa moyo? Jibu halipendezi jukwaani. Kikosi cha upasuaji wa moyo, kuanzia mshonaji hadi fundi wa mashine na wauguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi, hubaki hodari kwa kufanya kazi hiyo kila wiki. Kikifanya mara nne kwa mwaka, wagonjwa watalipa kwa maisha yao. Afadhali hospitali chache zenye mikono iliyozoea, na njia nzuri ya kuzifikia na kurudi. Kinachoweza kuwa karibu na kila mtu ni eko, penisilini, warfarin na kipimo chake.

Kuhusu malipo, tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Familia isiyo na mshahara hutathminiwa mapato na kulipa kulingana nayo, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Usajili unaweza kufanywa kwa simu kupitia *147#. Wengi hujisajili siku mgonjwa ameshazidiwa, na kumbe tathmini na malipo vilipaswa kutangulia. Aliyeandikiwa rufaa ya moyo aulize mapema hospitali anayokwenda ni sehemu gani ya gharama italipiwa na ni ipi familia itabeba, kabla ya kuitisha harambee.

Walimu wakuu wanaombwa jambo moja la karibuni. Shule zitakapofungwa, watoto walio kwenye sindano ya kila mwezi hutawanyika kwa nyanya zao, wengine hadi Sori, wengine Sindo, wengine mjini. Kadi ya sindano isibaki kwenye kabati la shule. Iende na mtoto mkobani, ikiwa na tarehe inayofuata iliyoandikwa kwa kalamu nzito, na mzazi aelezwe kwamba zahanati iliyo karibu na nyanya inaweza kumchoma ikiiona kadi hiyo. Wahudumu wa afya ya jamii wa pande zote mbili wapeane namba za simu kabla ya Ijumaa ya kufunga shule.